Tunatumwa Senegal: nyama ya Tabaski tule ama tusile?

Mwana wa Kadutu (Bukavu)

Bwana asifiwe wapendwa. Kanisa letu hapa Kadutu limetuchagua mimi na bibi yangu, yaani mke wangu, twende mji wa Thiès, Senegal, kusaidia kikundi kidogo cha waamini wanaokutana nyumbani kwa mtu. Mimi ni fundi wa kushona, na cherehani ndiyo itakayotulisha. Kanisa limeahidi kodi ya nyumba kwa mwaka wa kwanza, na nyinyi mnazijua ahadi za makanisa yetu.

Tumekaa na wazee, kikao kikawa kirefu kuliko ibada. Mmoja anasema siku ya Tabaski, yaani Idi ya kuchinja, jirani akituletea nyama tusiiguse. Mwingine anasema tuipokee halafu tumpe mtu mwingine kichinichini. Mama mmoja wa kwaya amemwambia bibi yangu asivae boubou yao, ile kanzu pana ya kule, abaki na kikwembe chake ili ajulikane kuwa Mkristo. Tena wanataka tuanzishe mkesha wa Ijumaa kama huu wa kwetu, na sono mbili za kubeba, mashine za kupaza sauti, zimekwisha kutafutwa.

Waliokwisha kuishi kule watuambie: mlikula nini, mlivaa nini, mlikataa nini? Sitaki kuharibu ushuhuda, lakini pia sitaki kuonekana mwenye kiburi mlangoni pa jirani wa kwanza.

Mzee wa Panzi

Kijana, Danieli alikuwa ugenini na alikataa chakula cha mfalme, Mungu hakumwaibisha. Matendo 15, mitume waliandika wazi tujiepushe na vilivyotolewa sadaka kwa sanamu. Ukianza na kipande cha nyama, kesho utaombwa kingine kisicho cha nyama. Mshukuru jirani, mrudishie sahani yake kwa heshima. Na sono mbebe. Injili hainong'onwi.

Mama Himbi (Goma)

Mzee wa Panzi, heshima yako iko palepale, lakini Waislamu hawachinji kwa sanamu. Tabaski wanamkumbuka kondoo aliyechinjwa badala ya mwana wa Ibrahimu, habari ambayo sisi wenyewe tunawafundisha watoto shule ya Jumapili. (Alikuwa mwana yupi, tuache kwa leo, tusije tukalala hapa.) Na tena, kule zaidi ya watu tisa kati ya kumi ni Waislamu, bucha karibu zote za mtaa ni zao. Anayeogopa nyama ya siku moja itabidi ashinde na samaki mwaka mzima.

Mdogo wangu wa Kadutu, mimi na mume wangu tuliishi Thiès, parseli moja, yaani ua mmoja, na familia ya Kiislamu. Sahani ya Tabaski inaletwa na mtoto, imefunikwa, ndani mna mbavu za kondoo na vitunguu vilivyokaangwa na haradali. Ukiirudisha, mama yake hatakusemesha mpaka Tabaski nyingine. Sisi tulikula. Na zamu yenu itafika: Ijumaa Kuu Wakristo wa kule wanapika ngalakh, uwele na karanga za kusaga, ubuyu na sukari, wanawagawia majirani Waislamu. Wale wanaingoja kabisa, ukichelewa wanatuma mtoto aje achungulie. Bibi yako aijue ngalakh mapema.

Halafu wewe si fundi wa kushona? Hukuniambia mimi, umeliambia kanisa zima. Kule kila mtu, mkubwa kwa mdogo, anataka nguo mpya ya Tabaski. Majuma ya mwisho mafundi hawalali, taa zinawaka mpaka asubuhi, na wateja wanagombana mlangoni. Pesa yako kubwa ya mwaka itatoka hapo. Sasa utashona nguo za Tabaski, utapokea franka za Tabaski, halafu mbavu za Tabaski ndizo zikutie unajisi? Waulize wazee wako hilo, kisha unipe jibu lao.

Chakula cha kila siku kinaliwa kwenye sinia moja, chini mkekani, viatu nje. Wali umepikwa ndani ya mchuzi wa nyanya, juu kuna samaki, kabichi, karoti, muhogo, na kipande cha samaki mkavu mwenye harufu kali. Aliyezoea makayabu, samaki wetu wa chumvi, hashtuki. Kula upande wako tu, kwa mkono wa kulia ama kijiko. Mama mwenye nyumba atachambua samaki kwa vidole na kukusogezea vipande mbele yako, na wewe usiukimbize mkono kuvifuata upande wa wengine. Ukisema umeshiba, watakwambia kula. Sema umeshiba tena. Sombe yetu ya majani ya muhogo mtaitamani, hilo siwafichi.

Boubou haina dini. Wakristo wa Thiès, wengi wao wa kabila la Waserer, wanaingia kanisani Jumapili wamevaa hizohizo. Mwambie mama wa kwaya alale salama.

Salamu ndizo zitakazokusumbua kuliko nyama. Mtu ataulizia amani, kazi, bibi, watoto, joto, halafu arudie amani. Ukiingia na shida yako moja kwa moja kama tunavyofanya Goma, umemaliza kabla hujaanza. Wengine watakupa jina la ukoo la kule. Mume wangu aliitwa Ndiaye, na tangu siku ile kila Diop aliyempita njiani alimwita mlafi wa wali, na yeye akawa na haki ya kuwarudishia. Utani wa ukoo huo, usikasirike, jibu! Watu waliomtania ndio walioanza kumuuliza habari za imani yake, kwa saa zao, wakinywa chai.

Umeuliza tulikataa nini. Mtoto wetu alipozaliwa, bibi wa parseli alileta hirizi ya ngozi ya kumfunga kiunoni. Pale tulikataa. Mume wangu alimpigia magoti yule bibi, akamshukuru, akamwambia sisi mtoto tunamkabidhi kwa Mungu mwenyewe, akaomba palepale kwa sauti. Bibi akaitikia amina akaondoka na hirizi yake. Hakununa.

Sono waachieni wazee. Mnasema mnakwenda kwa Wasenegal, lakini mkifungulia sebene, magitaa yetu ya kuchezesha watu, usiku kucha ndani ya parseli ya watu wanaoamka alfajiri kuswali, watakaokuja ni Wakongomani, Wakameruni na wanafunzi wanaokumbuka kwao. Watajaa, mtatuma picha Bukavu, wazee watafurahi. Mserer hata mmoja hamtamwona. Kikundi kile kilikuwepo kabla yenu, kina nyimbo zake za Kiwolof. Ketini nyuma kwanza.

Katekista wa Nguba (Bukavu)

Mimi ni Mkatoliki, mtanivumilia. Mama Himbi amesema vizuri, ninaongeza kidogo. Askofu Lavigerie alipowaanzisha wamisionari wanaoitwa Mapadri Weupe huko Alger, Algeria, mwaka 1868, aliwavika kanzu nyeupe na joho la Waarabu wa kule, rozari ikining'inia shingoni, akawaagiza waseme lugha ya watu na kula chakula chao. Hawakuwa Waarabu kwa ajili hiyo. Na nyinyi mkipita kati ya Dakar na Thiès, fikeni monasteri ya Keur Moussa, msikie watawa wanavyoimba zaburi kwa kora, kinubi cha kule. Hapa kwetu ilibidi tungoje mpaka 1988 Roma iidhinishe misa ya Zaire, yaani misa kwa desturi zetu za Kongo, na leo nani anashangaa ngoma altareni?

Kwa Mzee wa Panzi: Paulo alimtahiri Timotheo kwa ajili ya Wayahudi, lakini kwa Tito alikataa katakata. Mtu yuleyule. Alikuwa anaangalia ni nani anayedai, na kwa nini anadai.

Mwana wa Kadutu

Asanteni sana. Mama Himbi, lile la nguo za Tabaski nimelipeleka kikaoni jana. Mzee wa kwanza alinyamaza, yule wa "pokea ugawe" akacheka mpaka akakohoa. Bibi yangu ana swali: wanaume wa kule wanampa mwanamke mkono? Na mimi: nibebe cherehani yangu ya mguu?

Mzee wa Panzi

Juu ya nyama bado sijakubali. Juu ya sono, nitaongea na wenzangu.

Mama Himbi (Goma)

Wengine wanatoa, wengine watu wa dini hawatoi. Asitangulize mkono, angoje. Asipopewa, aweke wake kifuani na aendelee na salamu. Akiona mtu anaupeleka mkono wa mwenzake kwenye paji la uso, ni desturi ya Wamuridi, tarika moja ya Waislamu wa kule, asishtuke.

Cherehani ya mguu iuze. Pesa ya boubou iko kwenye kudarizi, tafuta mtu hapo Bukavu akufundishe kudarizi kwa mashine ya umeme kabla hujaondoka. Na mjitahidi kufika kabla Ramadhani haijaisha: kutoka hapo mpaka Tabaski ni kama miezi miwili na siku kumi, na kitambaa kinaanza kuletwa mapema. Usipokee malipo ya awali ya nguo usizoweza kumaliza. Kwa hilo hakuna dini itakayokuokoa.