Canon 250D ukumbini usiku: zumu moja ya f/2.8 au praimu mbili?

KijanaWaTanga
Wakuu, habari za kazi. Natumia Canon 250D na lenzi iliyokuja nayo kwenye boksi, EF-S 18-55 f/4-5.6 IS STM. Kazi zangu ni sendoff na harusi, nyingi ni za ukumbini usiku, na bodi ya kamera ni hiyo moja tu. Nikivuta mpaka mm 55 apecha (tundu la mwanga; namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) inabanwa f/5.6, shata (muda wa kupokea mwanga) 1/125, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) inapanda mpaka 6400 na picha ina chenga. Hela inatosha kimoja kati ya hivi viwili:

a) zumu (lenzi inayovuta) ya Sigma 17-50 f/2.8 EX DC OS HSM iliyotumika
b) praimu (lenzi zisizovuta) mbili za Canon: EF-S 24 f/2.8 STM na EF 50 f/1.8 STM

Wengine wanasema praimu ndiyo picha, wengine wanasema harusi bila zumu haipigiki. Flashi ninayo, ya kuchomeka juu ya kamera. Nianze na ipi? Na hiyo Sigma nikienda kuiona, nikague nini?

Shata60
Mkuu, anza na hesabu ya mwanga kabla ya kusikiliza ushabiki. Kutoka f/5.6 kwenda f/2.8 ni stopu 2, yaani mwanga mara nne. ISO 6400 yako inashuka mpaka 1600 kwa shata ileile. Kutoka f/5.6 kwenda f/1.8 ni stopu 3 na kitu, unafika karibu ISO 640.

Sasa angalia vizuri hizo praimu zako mbili. Hiyo 24 ni f/2.8, sawasawa na Sigma. Haikupi mwanga wowote wa ziada. Na ukilinganisha na lenzi uliyonayo kwenye upande mpana, ambako iko f/4 au karibu na hapo, unapata kama stopu moja tu. Faida yake ni wepesi (gramu 125, wakati Sigma ni 565) na uwezo wa kusogea mpaka sentimita 16 kwa picha za pete na mialiko. Faida ya mwanga iko kwenye 50 peke yake. Kwa hiyo swali lako halisi si zumu dhidi ya praimu. Ni kama uko tayari kukosa 17 mpaka 23, na 25 mpaka 49, ili upate f/1.8 kwenye mm 50.

Kuhusu kitulizo cha mtikisiko: Sigma inacho, praimu zote mbili hazina. Ila usikitegemee kwa watu. Kinatuliza mkono wako, hakimtulizi mtu anayecheza. Kwa maharusi wanaoingia wakicheza utahitaji 1/160 au zaidi hata ungekuwa na kitulizo cha namna gani. Kinasaidia kwenye picha ya ukumbi mtupu, meza na mapambo, hapo 1/15 inawezekana.

Bi_Lenzi
Naongeza hesabu ambayo watu huiruka, ya nafasi ya kusimama. Sensa (sehemu inayopokea picha) ya 250D ina upana wa mm 22.3. Upana wa eneo linaloingia kwenye picha = umbali × 22.3 ÷ urefu wa fokasi (ile namba ya mm ya lenzi).

Chukua watu kumi wamesimama bega kwa bega, mita 5 hivi. Kwa 50 unatakiwa urudi nyuma mita 11. Kwa 24, mita 5 na nusu. Kwa 17, mita 4 kasoro. Ukumbini nyuma yako kuna meza ya wazee, kuna spika, kuna jamaa wa video na stendi yake. Mita 11 utazipata wapi? Hata picha ya maharusi wima, kuanzia kichwani mpaka chini ya gauni na nafasi kidogo juu, kwa 50 ni karibu mita 5.

Jambo la pili ni kina cha fokasi. 50 kwa f/1.8, mtu akiwa mita 2, eneo kali ni kama sentimita 11 kwa jumla. Akiwa mita 1 na nusu ni sentimita 6. Bwana harusi akiinama kidogo kumlisha mwenzake keki, mmoja anakuwa mkali na mwingine amefifia. Kwa watu wawili utajikuta unafunga mpaka f/2.8, na hapo tena uko palepale pa zumu. f/1.8 ni ya uso mmoja: bibi harusi akipambwa, mama akifuta machozi.

Naunga mkono (a), kisha 50 baadaye. Hiyo 50 ni miongoni mwa lenzi za bei ya chini kabisa za Canon, haikimbii.

fundi_kamera
Mimi napinga kidogo. Una flashi tayari, na hiyo inabadilisha mambo. Tatizo la kupiga flashi darini ukiwa f/5.6 ni kwamba inatakiwa kutoa nguvu mara nne ya f/2.8. Kinachohitaji nusu nguvu kwa f/2.8 hukipati kabisa kwa f/5.6, na kila ukibonyeza unasubiri ijae. Lakini ukiwa f/4, ISO 1600, shata 1/100, flashi ikielekezwa kwenye dari nyeupe, lenzi yoyote kati ya hizo inafanya kazi na picha ni safi. Shata ikishuka chini ya hapo taa za DJ zinaonekana zaidi nyuma, ikipanda ukumbi unakuwa mweusi. Ukomo wa 250D na flashi ya kawaida ni 1/200.

Dari likiwa limefunikwa vitambaa vya zambarau, au ni juu sana, mbinu hiyo imekufa. Geuza kichwa cha flashi kwenye ukuta mweupe wa pembeni, na ukuta nao usipokuwepo, hapo ndipo f/1.8 inakuokoa. Kwa hiyo anayefanya kazi kumbi za aina hiyo asiiache 50 hata wiki moja.

Sasa ukaguzi wa Sigma. Nenda na kamera yako, betri imejaa, na tochi ndogo.

Angalia kwanza fangasi. Zima taa, mulika tochi kutoka nyuma ya lenzi, tazama kwa mbele. Vumbi kidogo si neno. Nyuzi kama za buibui au madoa yenye matawi ni fangasi, na pwani hali ya hewa inaipenda. Achana nayo.

Kisha ifunge kwenye kamera, weka f/8, piga. Halafu f/16, piga. Wengi hujaribu f/2.8 tu na kuridhika. Lenzi ambayo mkanda wake wa ndani wa umeme wa apecha umekatika hupiga vizuri ikiwa wazi kabisa, ukiibana tu kamera inaandika Err 01. Hilo ndilo gonjwa la zumu zilizotumika sana, maana mkanda unakunjwa kila unapovuta.

Tatu, gazeti ukutani, kamera kwenye stendi, sambamba na ukuta. Piga f/2.8 kwenye 17, 30 na 50, kuza picha uangalie pembe nne. Pembe zote zikiwa laini kidogo ni kawaida ya f/2.8. Upande mmoja ukiwa laini na mwingine mkali, vioo vimehama, pengine ilianguka.

Nne, na hili kwa 250D ni la lazima: piga kitu kimoja ukitazama kwenye kitundu cha kutazamia, kisha kwa skrini. Kama ya skrini ni kali na ya kitundu imepotoka mbele au nyuma, bodi yako haina menyu ya kurekebisha hilo, na doki ya USB ya Sigma (kifaa cha kurekebisha lenzi kwa kompyuta) haiitambui lenzi hii ya zamani (inatambua zile mpya kama 18-35 f/1.8 Art). Utabaki kupigia kwenye skrini maisha yako yote, au kuipeleka kwa fundi mwenye vifaa.

KijanaWaTanga
Asante sana wakuu, na wewe dada Bi_Lenzi kwa hiyo fomula. Nitajuaje kama kweli natumia huo upande wa 17-24, au ni mazoea tu?

Bi_Lenzi
Picha zako za zamani zinajua. Weka folda ya harusi mbili tatu kwenye kompyuta, tumia ExifTool (programu ya kusoma taarifa zilizohifadhiwa ndani ya picha):

exiftool -r -T -FocalLength . > urefu.txt

Fungua faili hilo kwenye Excel, panga, hesabu. Lightroom Classic nayo inaonyesha kwenye kichujio cha maktaba, upande wa metadata. Ukikuta nyingi ziko kwenye 18 na nyingi nyingine zimegonga 55, huna mpango wa kubaki na praimu mbili. Zikijikusanya kati ya 22 na 26 na kuanzia 45 kwenda juu, basi (b) si wazimu. Ila hesabu zile ulizomkabidhi mteja tu, za majaribio ziache.

Shata60
Ukichukua Sigma: pete yake ya fokasi inazunguka yenyewe kamera inapotafuta fokasi, usiishike hapo. Kwa video mota yake inasikika kwenye maikrofoni ya kamera, mota ya STM ya hizo Canon ni kimya zaidi.

KijanaWaTanga
Na filta ya UV ya mm 77 ya hiyo Sigma, ninunue?

fundi_kamera
Ukumbini ivue. Taa za jukwaani zikikupiga usoni, filta ya bei poa inazaa taswira za pili za taa katikati ya picha. Mdai muuzaji hudi yake, inakinga kioo isipogongwa moja kwa moja na inazuia mwanga wa pembeni. Akikuambia imepotea, punguza bei.