Meza ya mvule: laka ya NC, mafuta ya kitani au poliyurethane?

RandaKali: Wakuu, nimemaliza kuunda meza ya kulia, mvule mtupu, futi 6. Viungo vyote nimechonga kwa mkono, kwa hivyo sitaki kuiharibu kwenye kumalizia. Nyumbani kuna watoto wawili, na sufuria ya ugali hutoka mekoni ikatua mezani, nimesema mpaka nikachoka. Kule Kirinyaga Road nimeonyeshwa sila (ya kuziba vinyweleo vya mbao) na laka ya NC, yaani ya nitroselulosi, vanishi ya poliyurethane ya mkebe mmoja, ile ya mikebe miwili yenye hadena (dawa ya kuigandisha), na mafuta ya kitani (linseed). Ipi itadumu? Sina kompresa, nina brashi na vitambaa tu.

Fundi wa Dagoretti: NC ndiyo iliyo kwenye fanicha nyingi unazoona zimepangwa kando ya Ngong Road, na sababu yake ni kasi. Mkono mmoja, yaani tabaka moja, hukauka ndani ya nusu saa. Asubuhi unapiga sila, unapitisha msasa, jioni mteja anabeba mzigo wake. Ikikwaruzika, unapiga mkono mwingine juu, unayeyusha ule wa zamani kidogo na kushikana nao.

Lakini kwa meza ya kulia sikushauri. Sufuria ya moto itakuachia duara jeupe, na dawa ya kutoa rangi ya kucha ikimwagika imekula laka yote hapo. Isitoshe, NC ni ya spreyi. Ukiipiga kwa brashi inakauka kabla hujaisambaza, unabaki na mistari. Na ukifanya kazi siku ya mvua, thina ikiruka haraka uso unapoa, unanasa unyevu wa hewani, laka inapauka yote.

MamaMsasa: Mimi ni wa mafuta, na sibadiliki. Mvule ukipakwa mafuta ya kitani unaonekana mbao, si plastiki. Meza yangu ikipata doa, napitisha msasa 240 hapo palipoharibika, napaka tena, nafuta yaliyozidi, basi. Hiyo poliyurethane yenu ikibanduka utakwangua meza nzima.

Nunua yaliyoandikwa yamechemshwa, hata kama siku hizi kazi hiyo inafanywa na dawa za kukausha zilizotiwa ndani. Yale mabichi yatakaa wiki kadhaa yakinata. Na vitambaa ulivyopakia USIVIKUNJE ukavitupa kwenye ndoo. Mafuta ya kitani yakikauka hutoa joto, na joto likikosa pa kutokea kitambaa kinawaka chenyewe, bila kiberiti. Vitandaze nje kimoja kimoja, au viloweke majini.

Juakali_Kariobangi: Mama Msasa, heshima zako, lakini kwa nyumba yenye watoto mafuta pekee ni kujitafutia kazi. Chai ikikaa usiku kucha, doa limeingia. Hayana ngozi ya kuzuia maji.

Ya mikebe miwili ndiyo ngumu kuliko zote hapo, inastahimili joto na kemikali. Ila hadena yake ina isosaineti, kemikali inayodhuru mapafu, si kitu cha kuvuta pumzi sebuleni. Unahitaji barakoa yenye vichujio vya mvuke, ile ya kitambaa haisaidii kitu. Tena ukishachanganya, saa inakimbia: usipoimaliza inagandia mkebeni. Waachie wenye karakana.

Kwako wewe mwenye brashi, chukua poliyurethane ya mkebe mmoja, ya mafuta. Piga mikono mitatu au minne myembamba, ya kwanza uizimue kidogo kwa tapentaini ya madini. Kati ya mkono na mkono acha ikauke usiku kucha, kisha pitisha msasa 320 kidogo tu, maana haiyeyushani kama NC, inahitaji mikwaruzo ya kushikilia. Italeta umanjano kidogo, lakini mvule wenyewe huanza na umanjano ukaishia kahawia, hutaona tofauti. Na uweke vibao vya kuwekea sufuria. Hakuna vanishi ya kushindana na sufuria ya ugali kila jioni.

Fundi wa Dagoretti: Naunga mkono. Ongezea hili: mvule una mafuta yake ya asili yanayoweza kuchelewesha vanishi kukauka. Kabla ya mkono wa kwanza, futa uso kwa kitambaa chenye thina, acha iruke, kisha upige siku hiyohiyo. Jaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki.

RandaKali: Asanteni sana, ni poliyurethane basi. Mama Msasa, mafuta nitapaka kwenye mbao ya kukatia mboga, usinikasirikie. Maswali mawili: nianze kuitumia lini, na upande wa chini nipige pia?

MamaMsasa: Sikasiriki, utarudi.

Juakali_Kariobangi: Kesho yake utaigusa uone imekauka, lakini kuiva kabisa huchukua hadi mwezi. Vyombo vyepesi baada ya siku chache ni sawa, kitambaa cha plastiki juu yake usithubutu. Chini piga, hata mikono miwili. Ukiziba juu peke yake, unyevu utaingia na kutoka zaidi kwa chini, na mbao inaweza kujikunja.