Gia za taimingi za injini ya 4JB1: nimezungusha, alama za aidla (gia ya kati) hazirudi. Nifunge kava?

Kijana_wa_Wete: Asalaam alaykum mafundi. Nafanya ovahoo ya injini ya dizeli, Isuzu 4JB1, ya gari ya abiria, njia ya Chake–Wete, Pemba. Kranki imechongwa, metali na ringi mpya, silinda hedi ishafungwa. Gia nimezipanga kwa alama: X ya kranki na X ya aidla, Y ya kamshafti (shafti inayofungua vali) na Y ya aidla. Nikazungusha kwa mkono mara mbili kamili. Kutazama tena, alama za aidla zimekwenda kwengine kabisa! Haigusi popote, inazunguka laini. Mwenye gari ananipigia simu kutwa. Nivue nipange upya?

dizeli_tupu: Kama haigusi, funga, washa. Ikikosea utasikia.

Ami_Mkoani: Yakhe dizeli_tupu, usimpoteze mwana wa watu. Akisikia ndiyo pushirodi, vile vijiti vya kusukumia roka za vali, zishapinda. Na jino moja likiruka huenda isiguse kitu. Gari itawaka, ila itatoa moshi na mlima haitaupanda.

Kijana, usivue. Kranki ikizunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja, kwa hivyo hizo mbili hurudi pale pale. Aidla iko kati tu, meno yake hayalingani na hesabu hiyo. Mpaka alama zote zikutane tena utazungusha mpaka mkono uchoke. Tazama hivi: alama ya kranki na ya kamshafti zimeelekea kulekule kwa mwanzo? Basi, gia ziko sawa.

Ukitaka kulala usingizi, pima kwa vali. Pistoni ya kwanza iwe juu kabisa, kisha tikisa kranki kidogo ukitazama roka (mikono inayokandamiza vali) za silinda ya nne: egzosi, vali ya kutolea moshi, inamaliza kufunga; inteki, vali ya kuingizia hewa, inaanza kufungua. Hapo silinda ya kwanza roka zote mbili lazima zicheze. Papo hapo rekebisha nafasi kati ya roka na vali, 0.40 mm injini ikiwa baridi: vali zote mbili za silinda ya kwanza, inteki ya pili, egzosi ya tatu. Zungusha kranki mara moja, malizia zilizobaki.

Kijana_wa_Wete: Ahsante ami. Zinacheza, na za nne zinapokezana vile vile ulivyosema. Na pampu ya dizeli je? Alama ya gia yake niliipanga.

Ami_Mkoani: Gia ni nusu ya kazi. Mwili wa pampu nao unageuka kwenye boliti zake, angalia mistari ya pampu na ya bamba ilingane. Ukiiwahisha injini itagonga kama nyundo, ukiichelewesha asubuhi utaona moshi mweupe na kuwaka kwa taabu. Mwenye geji ya saa (kipimo chenye mshale) ya kuingiza nyuma ya pampu akusaidie, ndiyo hakika.

Fundi_Saateni: Nakazia tu: boliti ya puli zungusha upande injini inakokwenda. Ikikwama, usiongeze bomba kwenye spana. Rudisha nyuma, tafuta kinachozuia.