Kuzunguka ziwa kwa gari na watoto, Kisumu hadi Rusinga

Wapendwa, salamu kutoka Minneapolis. Desemba tunakuja Kisumu wiki mbili. Watoto wanakujua nyumbani kwa picha za simu tu, kwa hivyo safari hii Mombasa tumeiacha, tunataka kuzunguka ziwa kwa gari. Gari la chini litatosha? Na kwenye hifadhi ya wanyama ya Ruma, watoto wenye pasipoti ya Marekani hulipa kama wageni?

*

Dada, umeamua vyema. Niliporudi kuishi Kisumu njia hiyo ndiyo iliyonituliza moyo.

Nianze na watoto. Katiba ya 2010 inasema mtoto wa mama au baba Mkenya ni raia kwa kuzaliwa, hata kama amezaliwa ng'ambo. Lakini getini wanaangalia karatasi. Waombee pasipoti ya Kenya mapema, la sivyo watahesabiwa wageni.

Tokeni alfajiri, mpite Ahero ndege wakiwa bado wametanda kwenye mashamba ya mpunga, kisha Katito hadi Kendu Bay. Hapo jirani kuna Simbi Nyaima, ziwa la magadi ambako heroe hutua. Hadithi ya bibi kizee aliyenyimwa pa kulala, mji mzima ukazama, msiwasimulie nyinyi. Tafuteni mzee wa pale.

Ruma nenda na gari la juu. Mvua ikinyesha, udongo mweusi wa bonde hilo la Lambwe haukuachi. Mimi nilipata pancha mle ndani na gari la kukodi, nikafungua buti, spea haina upepo! Tulikaa saa tatu juani na mtoto mchanga. Nguo za buluu na nyeusi ziacheni, mbung'o wanazipenda. Twiga na vifaru wapo, ila mwombeni askari awaonyeshe korongo, yule swala mkubwa mwenye uso mweusi na mweupe. Kenya nzima amebaki hapo tu.

Halafu Mbita, mvuke daraja hadi Rusinga, kwenye kaburi la Tom Mboya, yule mwanasiasa wa enzi za uhuru. Hapo msiharakishe. Waambie watoto kwamba 1959 ndege ya kwanza ya wanafunzi 81 ilitoka Kenya kwenda Marekani, na Mboya ndiye aliyehangaika kuwatafutia nafasi na nauli. Wangu walinyamaza kimya, kisha mkubwa akauliza, "Kwa hivyo sisi pia tulianzia hapa?" Sijasahau swali lile.

Kurudi, msifuate njia mliyoendea. Pandeni feri na gari hadi Luanda Kotieno, mshike Bondo, mpitie Kit Mikayi, yale mawe makubwa yaliyopandana. Saa za feri ziulizeni Mbita jioni ya kuamkia safari, na mfike mapema kwa sababu nafasi za magari ni chache.

*

Asante sana kaka. Fomu za pasipoti naanza kujaza leo. Tutatua tarehe 14.

*

Basi tarehe 15 nitakuja mnapochukua gari, tuikague hiyo spea pamoja kabla hujaweka sahihi.