Eti "mkimaliza kujaribu vyombo mtaanza saa ngapi?" NIMECHOKA

Mpuliza Mabati:
Wakuu salama? Mimi si salama. Nimetoka pale sasa hivi, saksafoni iko mgongoni, naandika nimesimama kituoni maana nikikaa nitalia. Mnamjua tu msijifanye, kila anayepiga jazi mji huu keshapita mikononi mwake, yule mwenye klabu wa "tunawapa nafasi mjulikane". Mwaka wa sita huu, anayenijua ni mlinzi.

Sasa tumepiga DAKIKA 40. Tuko wimbo wa nne, nimefumba macho, nipo ndani ya solo niliyoifanyia mazoezi wiki tatu chooni maana ndiko jirani hasikii vizuri, drams kahamia kwenye brashi, besi inatembea taratibu, hata yule mama wa meza ya mbele kaweka simu chini. Naguswa bega. Kufumbua macho ni yeye, kainama na kitabasamu chake kile: "Samahani kaka, mkimaliza kujaribu vyombo mtaanza saa ngapi?"

Mtaanza. Saa. Ngapi.

Ridi, kile kibanzi cha mwanzi kinachotoa sauti ya saksafoni, bado iko mdomoni, nikajaribu kujibu ikatoka sauti ya bata aliyekanyagwa, watu WAKAPIGA MAKOFI. Makofi ya kwanza usiku mzima kachukua bata. Halafu kwenye malipo kakata nusu, eti nusu ya mwanzo mlikuwa mnajaribu vyombo!! Gawa kwa watu wanne, toa nauli, nabaki na hela ya ridi, si boksi, ridi MOJA, nayo ikipasuka ndio basi. Nimesota na skeli kwenye funguo zote 12, asubuhi nafundisha watoto filimbi ili usiku nipige ninachokipenda, mtu ananiuliza naanza saa ngapi. Nawasilisha kwa hasira.

Brashi Kavu:
Pole mkuu. Nimesoma mpaka chini, samahani, malalamiko yanaanza saa ngapi?

Tarumbeta Bovu:
Mbavu zangu jamani 😂😂 Ila huyo jamaa sisi alisema tugawane viingilio, mlangoni kamweka shemeji yake ahesabu. Ukumbi umejaa mpaka watu wamesimama, shemeji anasema kumi na mmoja. Na bendi tulikuwa watano, nahisi na sisi tumo kwenye hesabu.

Besi Mgongoni:
Nyie mnalia na vitu vinavyoingia kwenye begi. Besi yangu imenizidi urefu, leo teksi tatu zimenipita, ya nne ikanidai nauli ya watu wawili. Nikalipa, nikaikalisha mbele, nikaifunga mkanda. Hata asante haijasema.

Vidole Kumi:
Wewe chombo ni chako angalau. Sisi wa piano tunapiga tunachokikuta. Piano ina vitufe 88, ya pale kwake vinavyolia ni kama 60, na ile noti ya fa ya katikati ukiibonyeza inazama moja kwa moja, mpaka uivute kwa ukucha. Nimepiga shoo nzima kidole kimoja kazi yake kuokoa fa.

Mpuliza Mabati:
Jamani uzi ni wangu. NILIKUWA KATIKATI YA SOLO.

Brashi Kavu:
Hiyo ya chooni nayo acha. Sonny Rollins, mpiga saksafoni mwenzako, hakutaka kusumbua jirani akahamia juu ya daraja la Williamsburg kule New York, 1959 mpaka 1961. Daraja huna?

Vidole Kumi:
Rollins alishakuwa na jina. Huyu akienda darajani wapita njia watamuuliza anaanza saa ngapi.

Tarumbeta Bovu:
Thelonious Monk, yule mpiga piano wa jazi, je? 1951 kanyang'anywa kadi ya kazi, karibu miaka 6 haruhusiwi kupiga klabu za New York. Angeulizwa anaanza saa ngapi angefurahi kwamba anaanza.

Mpuliza Mabati:
Kwa hiyo mimi nina bahati??

Besi Mgongoni:
Tuache hayo, nani anauza gurudumu la besi, lile la kuchomeka chini kwenye mguu wake?

Vidole Kumi:
Ninalo, rafiki aliliacha kwangu. Zuri ila kwenye ngazi ni mateso.

Mpuliza Mabati:
Ndio nini sasa

Besi Mgongoni:
Ngazi za pale kwake je, linapita? Maana Ijumaa kaniita mimi.