Border Collie na watoto wadogo, naombeni ushauri

Habari zenu wakuu. Rafiki yangu anahama, anataka kuniachia mbwa wake, Border Collie jike wa miaka 2. Bure kabisa, na hapo ndipo wasiwasi wangu unapoanzia.

Jumapili alimleta tumzoee. Mwanangu wa miaka 4 alipoanza kukimbia uani, yule mbwa akajiinamisha, kichwa chini, macho hayabanduki kwa mtoto. Mara akamzunguka na kumng'ata kisigino. Damu haikutoka, lakini mtoto alilia, na mama yake mpaka leo kanuna. Najua hawa ni mbwa wa kuchunga kondoo, asili yao mpakani mwa Uskoti na Uingereza, na kukusanya wanaotawanyika ndiyo kazi waliyozalishiwa. Sasa kwangu kondoo ni wanangu wawili.

Mimi na mke wangu tunashinda kazini. Naweza kumkimbiza saa nzima alfajiri na nusu saa jioni. Siku za mvua sitaki kudanganya. Na hawa wakikosa shughuli ya kuwachosha akili hubweka, huchimba, hutafuna hata milango (viatu vyangu ndiyo usiseme).

Mliowahi kumfuga: hiyo tabia ya kung'ata visigino huisha akifundishwa, au hupungua tu? Mkiwa kazini mnamwachia nini cha kumshughulisha? Au nitafute chotara mpole aliyekwisha kukua, huyu aende kwa mwenye muda? Rafiki anataka jibu Ijumaa.