Simu inaandika Android 13 lakini programu ya benki inagoma: nitajuaje toleo lake halisi?

Mbayuwayu

Habari za saa hizi wakuu.

Naomba msaada kwenye jambo lililonikwamisha. Mzee wangu amenunua simu ya Android, ikiwa ndani ya boksi lake, kutoka kwa mtu aliyemwamini. Anaitaka hasa kwa ajili ya programu ya benki, maana kupanga foleni kwa umri wake ni mateso. Nikiitafuta hiyo programu Play Store naambiwa haiwezi kufanya kazi kwenye kifaa hiki. Maelezo ya benki yanasema inataka Android 10 kwenda mbele.

Nimeingia Mipangilio, nikashuka mpaka chini kabisa kwenye Kuhusu simu, nikatazama Toleo la Android. Imeandikwa 13. Nikaenda na kwenye kusasisha mfumo, ikazunguka kidogo, ikaniambia hakuna toleo jipya.

Sasa kama 13 ni kubwa kuliko 10, tatizo liko wapi? Kuna sehemu nyingine ya kuangalia toleo zaidi ya hiyo? Na nikiirudisha simu kama ilivyotoka kiwandani itasaidia? Mzee ananiuliza kila jioni, na sitaki kumpa jibu nisilo na uhakika nalo.

Tumbuizo

Mkuu, nenda Mipangilio, Programu, tafuta Google Play Store, futa akiba na data zake, zima simu uiwashe, kisha jaribu tena. Mara nyingi linaishia hapo.

Mbayuwayu

Nimefanya hivyo ndugu, jibu ni lile lile. Asante lakini.

Bi Rehani

Kaka, hebu hakikisha kwanza hiyo 13 ni ya Android kweli. Watu wengi tunachanganya namba mbili. Kampuni za simu zinachukua Android kisha zinaivika sura yao wenyewe, na sura hiyo nayo ina namba yake. Samsung wana One UI, Tecno wana HiOS, Infinix wana XOS, Xiaomi walikuwa na MIUI, sasa wana HyperOS. Namba hizo si lazima zilingane na za Android. One UI 6 imekaa juu ya Android 14. MIUI 13 unaikuta kwenye simu ya Android 12, na nyingine ya Android 11. Kwa hiyo mtu anaona 13 kubwa imeandikwa juu ya skrini, anajua ana Android 13, kumbe sivyo.

Kama ni Samsung, ukifika Kuhusu simu ingia tena Maelezo ya programu. Utaziona One UI na Android kila moja kwenye mstari wake. Kwenye simu nyingine gusa mstari wa Toleo la Android wenyewe, ukurasa mwingine utafunguka. Tuandikie kila kilichoandikwa pale, usiruke kitu.

Mbayuwayu

Asante dada. Si moja ya hizo ulizotaja, ingawa boksi lina jina la kampuni kubwa, nitaliacha kwa sasa. Ukurasa unasema hivi:

Toleo la Android: 13
Kiwango cha usalama wa Android: 5 Mei 2018
Toleo la kerneli: 3.18, halafu namba na herufi nyingi
Nambari ya muundo: mstari mrefu, mwisho wake una tarehe ya 2018

Mstari unaotaja sura ya kampuni haupo kabisa.

Fundi Mtulivu

Mkuu Mbayuwayu, umeandika vizuri, na jibu karibu lote liko kwenye hiyo mistari yako minne. Vumilia maelezo yawe marefu kidogo, kwa sababu nimeshaona wazee na wanafunzi wengi wakiumizwa na jambo hili na linaniuma.

Android 13 ilitoka Agosti 2022. Kiwango cha usalama ni tarehe ya viraka vya mwisho, yaani marekebisho ya kuziba matundu ya usalama, ambavyo simu imepokea. Simu yenye Android 13 haiwezi kuwa na viraka vya Mei 2018, miaka minne kabla mfumo wenyewe haujatolewa. Na kerneli, ambayo ndiyo kiini cha mfumo chini kabisa, 3.18 ni ya Desemba 2014. Simu za Android 13 huwa na kerneli za kuanzia 4 na 5 huko. Halafu angalia ukurasa huo tena: je, una mstari wa Sasisho la mfumo wa Google Play? Huo ulianza na Android 10. Kwenye orodha yako sijauona.

Ninachokiona hapo ni simu ya zamani ambayo mtu amebadilisha maandishi. Lile neno "13" kwenye Kuhusu simu ni maandishi tu yaliyo ndani ya faili moja ya mfumo, na anayetengeneza simu feki anaweza kuandika humo chochote anachotaka. Hata RAM na ukubwa wa hifadhi unaouona hapo usiuamini.

Kitu asichoweza kukigeuza kirahisi ni namba ya ndani inayoitwa API. Kila toleo la Android lina namba yake: Android 8.1 ni 27, Android 9 ni 28, Android 10 ni 29, 11 ni 30, 12 ni 31, 13 ni 33, 14 ni 34. Programu husoma namba hii ili kujua simu inaweza nini. Akiidanganya, programu zitaita vitu ambavyo havimo kwenye mfumo na zitakuwa zinakufa mkononi mwa mtumiaji, naye mteja atashtuka siku hiyo hiyo. Ndiyo maana huiacha ilivyo. Na Play Store inapokwambia programu haifai, inaangalia namba hiyo, haisomi yale maandishi unayoyasoma wewe.

Fanya hivi. Pakua CPU-Z, programu inayoonyesha vilivyomo ndani ya simu, kutoka Play Store, fungua ukurasa wa System, tafuta mstari wa API Level. Ni bure na haihitaji ufungue akaunti.

Cha pili, rudi Kuhusu simu, gusa mstari wa Toleo la Android haraka haraka mara kadhaa. Google huficha kamchezo humo, na kila toleo lina kake. Android 13 halisi inaleta saa. Unazungusha mshale mpaka saa saba kamili, ndipo nembo ya 13 inatokea na mapovu. Ukiona kitu tofauti, tuambie ni nini. Kuna kampuni zimekazima hako kamchezo, kwa hiyo kisipotokea kitu chochote usihukumu kwa hilo peke yake.

Cha tatu, fungua Play Store, gusa picha ya akaunti juu kulia, ingia Mipangilio, kisha Kuhusu. Kuna mstari wa uthibitisho wa Play Protect, ulinzi wa Google kwenye simu, unaosema kama kifaa kimethibitishwa au la. Huu ni muhimu kwa benki hasa, kwa sababu programu nyingi za fedha zinakataa kifaa kisichothibitishwa hata kama toleo lake linatosha.

Kuhusu kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani: hakubadilishi toleo. Kunafuta vitu vyako tu na kukuachia mfumo ule ule uliokuwemo.

Tumbuizo

Nimejifunza kitu leo. Lakini mbona ile sehemu ya kusasisha imemwambia hakuna jipya?

Fundi Mtulivu

Kwa sababu simu inauliza kwa aliyeitengeneza, haiulizi dunia nzima. "Hakuna toleo jipya" maana yake aliyeitengeneza hana kitu kingine cha kukupa. Hata kwenye simu halali ni hivyo: inaweza kuwa imebaki kwenye Android 9, kampuni ikaacha kuihudumia, na bado ikakuambia iko sawa kila ukibonyeza. Usipime upya wa simu kwa sentensi hiyo. Pima kwa tarehe ya usalama.

Mwanagenzi

Samahani kwa kuingilia uzi wa mkuu. Mimi natumia iPhone XR, nafuata njia gani? Nasikia watu wanasema wako kwenye iOS 26 na mimi simu inasoma 18, nimebaki nyuma namna hiyo?

Bi Rehani

Mdogo wangu, nenda Settings, General, kisha About. Mstari wa iOS Version ndio huo. Hujaachwa mbali hivyo. Apple waliruka namba: baada ya 18, Septemba 2025 wakatoa 26, hakuna 19 wala 20 katikati. Ila XR haimo kwenye zinazopokea 26, inaanzia iPhone 11. Kwa hiyo 18 ndiyo ya mwisho kubwa kwako. Kazi yako ni kupakua viraka vidogo vya 18 kila vinapotoka, kwenye General, Software Update.

Mbayuwayu

Wakuu, nimerudi na majibu.

CPU-Z inasema Android Version 13, lakini API Level ni 27. Vyote viwili kwenye skrini moja, mstari mmoja juu ya mwingine.

Kule kwenye Kuhusu simu, nilipogusa haraka haraka haikuja saa. Limekuja duara kama biskuti. Nikaligusa mara kadhaa kisha nikalibonyeza bila kuachia, akatokea pweza mweusi mwenye kichwa kikubwa, anaelea, ukimvuta anafuata kidole.

Play Protect inasema kifaa hakijathibitishwa. Na ule mstari wa sasisho la mfumo wa Google Play haupo, nimetafuta mpaka nimechoka.

Nimemwonyesha mzee. Alimshika huyo pweza na kidole akawa kimya muda mrefu.

Fundi Mtulivu

Pole sana mkuu, na umfikishie mzee pole yangu. Biskuti na pweza ni vya Android 8, na API 27 inathibitisha kwamba ni 8.1. Hapo hakuna ubishi tena. Simu ina mfumo wa mwishoni mwa 2017, na benki inataka 10.

Kipanga wa Usiku

Si aipeleke tu kwa fundi aifleshi, yaani aufute mfumo wote na kuupakia upya, iwekwe Android 13 ya kweli? Laptop na waya, basi.

Fundi Mtulivu

Mkuu, nakuheshimu, lakini kwa simu hii sishauri kabisa. Mfumo wa Android hutengenezwa kwa kila modeli peke yake, kulingana na chipu, skrini, kamera na moduli ya mtandao. Jina lililo kwenye boksi si la simu iliyomo ndani, kwa hiyo faili rasmi za modeli hiyo hazitaingia, na zikilazimishwa simu inaweza isiwake tena. Faili za watu wasiojulikana nazo zinaweza kuja na programu za wizi zimeshapandwa ndani. Hata ukifanikiwa, kifaa kitabaki hakijathibitishwa. Kufleshi kuna mahali pake, kwenye simu halali ambayo mfumo wake umeharibika.

Bi Rehani

Na mimi niongeze: kwa sasa mzee asiweke jambo lolote la pesa kwenye simu hiyo, hata kwa kuingia tovuti ya benki kupitia kivinjari. Mfumo ambao mtu ameshauchezea hujui kingine alichoweka. Kama tayari aliingia na nenosiri lake, libadilishwe leo, tena kwa kutumia kifaa kingine.

Saa Sita

Swali la haraka. Mimi simu yangu ni halali, API 34, ila tarehe ya usalama ni ya miezi saba nyuma. Ni mbaya?

Fundi Mtulivu

API 34 ni Android 14, toleo lako liko vizuri. Google hutoa taarifa ya viraka vya usalama kila mwezi tangu Agosti 2015, lakini kampuni haziziletei simu zote kila mwezi. Za bei ya chini nyingi hupata kila robo mwaka au zaidi. Miezi saba ni mingi. Ingia kusasisha mfumo ukiwa kwenye Wi-Fi, chaji iwe ya kutosha, uangalie wewe mwenyewe bila kungoja taarifa ije. Gusa pia Sasisho la mfumo wa Google Play, hilo huja kando na mara nyingi watu hulisahau. Ukiona mwaka umepita hakuna kitu, anza kufikiria simu nyingine kwa mambo ya benki.

Mbayuwayu

Wakuu nawashukuru mno. Tumekubaliana na mzee kuirudisha kwa aliyemuuzia, tukiwa na ushahidi mkononi. Kuna kitu nifanye kabla ya kuitoa?

Fundi Mtulivu

Piga picha za skrini za CPU-Z, za Kuhusu simu na za Play Protect, uzitume kwenye simu yako mwenyewe kwanza, maana zitafutika. Piga *#06#, andika namba za IMEI, yaani za utambulisho wa simu, unazoziona, uzilinganishe na zilizo kwenye boksi. Zikitofautiana huo ni ushahidi mwingine. Halafu nenda Mipangilio, Akaunti, uondoe akaunti ya Google ya mzee. Iondoe kabla ya kufuta simu, kwa sababu ukifuta simu huku akaunti ikiwa bado imo, inaweza kudai nenosiri la akaunti hiyo ikiwashwa tena na mtakuwa mnavutana na muuzaji kwa jambo jingine. Baada ya hapo ndipo uirudishe kama ilivyotoka kiwandani, utoe laini na kadi ya kumbukumbu.

Na simu ijayo, kabla hela haijatoka mfukoni, mzee aombe kuishika, aunganishe intaneti, afungue CPU-Z hapo hapo mbele ya muuzaji. Muuzaji akikataa, aiache.